Risasi Ishirini za Reino

Asubuhi ya kwanza Tyyne Kangas alidhani ni panya. Alishuka chumba cha chini kuchukua chupa ya matango ya siki, akakuta risasi moja imefumuliwa kwenye meza ya marehemu mumewe. Ganda la shaba limesimama peke yake, kichwa cha risasi kimelazwa pembeni, na baruti imemiminwa kwenye kisosi cha kahawa bila punje kudondoka. Panya gani mwenye adabu namna hiyo?

Reino alifariki Januari, tukamzika Mei ardhi ilipoyeyuka. Kwa miaka arobaini alijaza risasi zake mwenyewe kwenye meza ile, kwa ajili ya bunduki kuukuu aliyoachiwa na babu yake, ile ya wenzo: ukishapiga moja unaushusha wenzo chini ya kiganja, unaupandisha, nyingine inaingia. Ganda lililokwisha kupigwa alilisafisha, akalitia fataki mpya kitakoni, akapima baruti kwenye mzani mdogo, kisha akakandamiza kichwa mdomoni mwa ganda. Ni kazi ya kimya, na Reino alikuwa mtu wa kimya. Ukimwuliza habari za siku nyingi alikujibu, "Zipo."

Mwaka wake wa mwisho akili ilianza kumtoroka. Alitia chumvi kwenye kahawa, akamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Hata hivyo vuli ile alishuka chini akajaza sanduku moja, risasi ishirini, akaandika tarehe juu yake kwa mkono unaotetemeka. Hakuwahi kuzipiga.

Kwetu huku kaskazini ya Michigan, risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine hupigi. Jirani utamwazima gari, msumeno, hata mkwe akampasulie kuni. Risasi zako hazitoki nyumbani, maana anayejua kilichomo ni aliyezijaza peke yake. Lakini Arvo, mwana pekee wa Tyyne, dereva wa lori la magogo aliyeishi bado na mama yake, alikuwa ameapa kwamba tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa, ataingia msituni na bunduki ya baba na sanduku lile.

"Baba si mtu baki," alisema. "Nikizipiga hizi ndiyo nitakuwa nimemzika."

Nani angembishia? Mimi, jirani yao niliyewinda na Arvo kila mwaka, nilikuwa nimekaa pale pale mezani, nakula mkate wao wa iliki. Nilijua sheria yetu kama walivyoijua wao, na nilinyamaza.

Asubuhi ya pili ilifumuliwa risasi ya pili. Ya tatu Tyyne akasikia. Ilikuwa alfajiri, saa ambayo Reino alizoea kuamka, na sauti ilitoka chini ya sakafu: ko, ko, ko. Aliifahamu. Kila mjazaji ana nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu. Unaingiza risasi ndani, unagonga kwenye gogo, kichwa na baruti vinaachia. Akaenda kumwamsha Arvo, wakashuka wote.

"Mama, kama hutaki niende, si useme tu? Unazifumua za nini?"

"Mimi nyundo hiyo hata kuishika sijui."

"Basi nani, paka?"

"Husikii harufu?" Tyyne alinong'ona. "Ile dawa yake ya kusafishia mtutu. Ngazi nzima inanuka."

Arvo alinusa, akageuza uso. "Ni nguo zake. Tulisema utazigawa."

Aliiokota nyundo kulia mwa meza, akaitazama, akaiweka kushoto. Arvo ni wa mkono wa kushoto, na tangu utotoni baba yake alimgombeza kwa kuiacha upande usio wake. Kesho yake nyundo ilikuwa imerudi kulia, na risasi ya nne imefumuliwa.

Tyyne hakujua la kufanya na baruti zile. Kutupa kitu hakufundishwi katika nyumba zetu, basi kila asubuhi alimimina kisosi ndani ya chupa ya jamu, bila kutazama.

Asubuhi ya tisa alijikaza akashuka mapema, akajibanza kwenye ngazi gizani, na harufu ya dawa ya mtutu ikamjia nzito hata macho yakamchuruzika, na akaona nyundo ikinyanyuka polepole kama inayonyanyuliwa na mtu mwenye mkono unaouma, ikagonga mara tatu, na baruti ikamiminika kisosini, na kigoda kikalia kama mtu ameinama kutazama kwa karibu, kisha akasikia pumzi ya mtu anayetafuta neno lililompotea, akitafuta na kutafuta, na mwishowe kilio kidogo cha chini kwa chini ambacho Tyyne alikijua, maana ndicho alicholia Reino siku aliyoshindwa kukumbuka jina la mkewe.

Alipanda juu kwa magoti. Aliamini kwamba jini limevaa mazoea ya mumewe, linamwonea mwanawe wivu kwa kile kidogo alichoachiwa, na likimaliza risasi litamgeukia Arvo mwenyewe.

Akaenda kwa Hilja, mpiga chuku, bibi wa miaka themanini anayewaumika watu hadi leo kwa pembe za ng'ombe.

"Kila Jumamosi mkitoka kwenye sauna mnamwachia mvuke?" Hilja aliuliza.

"Ule wa mwisho, ndiyo. Namwaga maji kwenye mawe ya moto, natoka, namwachia. Ni haki ya wafu, shangazi. Wewe si ndiye uliyetufundisha?"

"Basi ndicho kinachomrudisha. Ukitaka aondoke, mnyime. Lakini usikie vizuri, mwanangu. Ukimnyima kwa kinywa chako, hata umwite vipi baadaye hatasikia."

Siku ile ile ilikuwa Jumamosi, na jioni wakaoga mvuke kwenye sauna, kibanda cha kuogea nyuma ya nyumba. Hilja akakokota makaa nje, akamwaga maji ya mwisho sakafuni, akapindua ndoo, akafungua mlango theluji iingie. Tyyne alisimama na taulo lake akasema alivyoelekezwa, "Reino, hapa hapana chako." Alisema huku analia, maana kinywa kilimfukuza jini na moyo ulimwona mume. Kitu kikampita begani, baridi, chenye harufu ya dawa ya mtutu. Kilisita mlangoni kama mtu aliyesahau kofia. Halafu kikatoka.

Nyumba ilitulia. Tarehe kumi na tano, kabla ya mapambazuko, Arvo alimbusu mama yake utosini akaondoka na risasi kumi na moja.

Kulipokucha Tyyne alishuka kusafisha meza, mara ya kwanza bila woga. Akaishika chupa ya jamu dirishani. Baruti ya bunduki ni vijiti vyeusi, kama majani ya chai yaliyokatwa. Katikati ya vijiti palikuwa na tabaka la vijiduara bapa. Alivijua. Ni vya bastola, vya kopo dogo jekundu, baruti kali ambayo chembe chache zinatosha, na Reino alimwonya mara mia asiguse kopo lile. Mzee aliishiwa na kopo la bunduki akaendelea na hili, kwa kipimo kile kile kilichojaa, cha kutosha kupasua bunduki.

Reino hakukumbuka ni zipi. Alikumbuka tu kwamba amekosea, ndiyo maana alikuwa akizifungua moja moja.

Tyyne aliendesha gari kuelekea kambi yetu ya kuwindia akiwa na viatu vya nyumbani, bunduki zikilia kila upande wa msitu. Alitukuta njia panda, sisi tuliowinda na Arvo, tukimtoa msituni. Mimi ndiye niliyemshika kichwa Arvo ndani ya gari letu. Risasi ya tatu ilikuwa imepasua bunduki usoni pake. Sitasema zaidi.

Polisi walimrudishia mama zile nane zilizobaki, ndani ya mfuko wa karatasi, naye akaziweka mezani. Jumamosi tatu aliwasha sauna, akasimamisha ndoo wima, akaacha mvuke wa mwisho, akaita, "Reino, nisamehe, rudi." Hakuna kilichokuja.

Alfajiri baada ya Jumamosi ya nne akasikia: ko, ko, ko. Alishuka mbio, akilia kwa furaha. Risasi moja ilikuwa imefumuliwa, baruti kwenye kisosi. Lakini harufu haikuwa ya dawa ya mtutu. Ilikuwa ya dizeli na utomvu wa misonobari, na nyundo ilikuwa imelazwa kushoto.

Aliniambia kwamba alikaa kwenye ngazi hadi miguu ikafa ganzi. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mama anayemwuliza mwanawe aliyechelewa kurudi, "Baba yako umemwona huko?"

Nyundo ilisogea kidogo mezani, ikatulia. Zilibaki risasi saba.