Chupa ya Sosi Kwenye Foleni ya Lockhart

"Mbona hili duka umeliruka?"

Verlene aliweka kidole juu ya karatasi. Ilikuwa Alhamisi jioni, wako jikoni kwake Austin, na Royce alikuwa ameipanga safari ya Jumamosi utadhani anapanga harusi. Watoke saa kumi na mbili asubuhi, wafike Lockhart kabla foleni haijakata kona, wale kwenye maduka matatu, ratili moja kila duka, tumbo lipumzike katikati. Maduka yote ya nyama ya moshi ya mji ule aliyaandika, isipokuwa Tanuri Kuukuu, lile la zamani kuliko yote.

"Pale nyama kavu," Royce akasema bila kumtazama.

"Watu wanajipanga tangu alfajiri kufuata nyama kavu?"

"Watu wana mambo yao, mpenzi. Wewe niamini mimi."

Sasa kumwamini ndiyo ilikuwa shughuli yenyewe. Wiki iliyopita Royce alimwomba wafunge ndoa, naye Verlene akamwambia jibu atampa huko huko Lockhart, akishashiba. Alilisema kwa utani, lakini moyoni hakuwa na utani hata kidogo. Mume wake wa kwanza alimficha mke mwingine kule Dallas miaka miwili mizima. Tangu hapo aliapa kwamba mwanamume akimficha jambo kubwa hata moja, kila mtu ashike njia yake. Na Verlene alimpenda huyu Royce mpaka akawa anajiogopa.

Kesho yake, akiwa saluni kwake anasubiri mteja, akaona amchokoze mwenzake kidogo. Ataagiza nyama pale pale palipoitwa pakavu. Akapiga simu.

"Sema haraka, nyama iko motoni." Sauti ya mzee, nzito.

"Shikamoo mzee. Naomba uniwekee ratili tatu za kidari kwa ajili ya kesho. Upande wenye mafuta."

"Marahaba. Niandike jina gani?"

"Andika Royce Tidwell."

Kisu kikasikika kikiwekwa mezani.

"Royce yupi huyo?"

"Fundi umeme. Mrefu, mwembamba hivi."

"Ana kovu la moto kwenye kidole gumba?"

"Analo. Kumbe unamjua?"

"Nimemzaa," mzee akasema.

Verlene akakaa kwenye kiti cha wateja. Royce alishamwambia kwamba baba yake alifariki zamani. Alimwambia kwa sauti ya huzuni kabisa, naye akamshika mkono, akamlilia marehemu.

"Mzee wangu, samahani, lakini yeye kaniambia..."

"Kakwambia nimekufa." Mzee hakukasirika. "Mimi ndiye niliyeanza. Nilimwambia mbele ya foleni nzima, toka, kwangu umekufa. Kisa sosi."

"Sosi?"

"Nilikwenda kumzika ndugu yangu, nikamwachia duka. Narudi nakuta chupa za sosi aliyoipika yeye kila meza. Kwangu mimi, mama, ambako ukutani pameandikwa hakuna sosi, hakuna uma. Na watu wanaimwagia nyama niliyoikalia masaa kumi na manne." Akashusha pumzi. "Mwaka wa sita huu. Kila Jumamosi namwekea kile kipande cheusi cha mwisho, ncha ya kidari iliyoungua, mafuta matupu, alikipenda tangu mdogo. Tukifunga, nakila mwenyewe. Daktari ananigombeza."

Verlene akakata simu. Akaandika ujumbe: *Njoo saluni sasa hivi.*

*Kuna nini mpenzi?*

*Nimeongea na marehemu. Anakusalimia.*

Haikupita robo saa, Royce huyo mlangoni, uso umemshuka.

"Verlene, ngoja nikueleze."

"Nililia, Royce. Nilimlilia mtu ambaye muda ule ule anakata nyama."

"Niliona aibu. Ningekwambia nini, kwamba baba kanifukuza kwa ajili ya chupa? Nikadanganya siku ile moja, halafu nikashindwa kurudi nyuma."

"Basi sikiliza. Kesho tunapanga foleni kwa baba yako. Ukitoka kwenye ile foleni kabla hatujafika kaunta, mimi na wewe tumemalizana."

"Atanifukuza tena."

"Akufukuze nikiwepo. Angalau safari hii nitakuwa najua."

Jumamosi walikaa kwenye viti vyao vya kukunja pamoja na watu wengine sitini, moshi wa mwaloni ukiwaingia mpaka kwenye nguo. Royce alikuwa kakumbatia mfuko wa karatasi.

"Humo kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Royce."

"Sosi," akasema kwa sauti ndogo.

"Unampelekea sosi mtu aliyekufukuza kwa sosi?"

"Nimeirekebisha. Miaka yote hii nairekebisha."

Mara mbili alisimama akatazama gari, mara mbili akakaa. Verlene hakumshika. Alitaka abaki mwenyewe, na alipobaki, roho yake ikatulia.

Wakafika kaunta. Mzee Hollis alimtazama mwanawe, kisu mkononi, akauliza lile analomuuliza kila mteja.

"Ya mafuta au isiyo na mafuta?"

"Ya mafuta, baba."

Mzee akakata. Kisha akafunua kitambaa pembeni, akatoa kipande cheusi cha mwisho na kukiweka kwenye karatasi mbele ya Royce.

"Kula."

Royce akala huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, baba."

"Nilikuua mbele ya foleni," mzee akasema, akapaza sauti mpaka nje wakamsikia. "Basi mbele ya foleni nasema, huyu ni mwanangu, yuko hai."

"Tumshukuru Mungu," mama mmoja nyuma akajibu, "ila nyama isije ikaisha."

Watu wakacheka. Verlene akauchukua ule mfuko, akaitoa chupa na kuiweka kaunta. Mzee akaitazama weee. Akachovya kidole, akaonja.

"Chumvi imezidi."

Akachovya tena. "Sana."

Akachovya mara ya tatu, akakilamba kidole chote.

"Royce," Verlene akasema, "jibu langu ni ndiyo. Ila ukiniulia mtu mwingine, nakuacha."

"Siku ya harusi nyama nachoma mimi," mzee akawahi.

"Na sosi je, baba mkwe?"

"Iwekewe meza yake. Mbali na nyama yangu."

Halafu akakaza kifuniko, akaitia ile chupa chini ya kaunta, upande wake, na kumwita mteja anayefuata.