Lugha Aliyoichagua Mwenyewe

"Lugha nijifunze mimi, halafu uchague wewe?"

Mtunza kumbukumbu wa maabara alisimama mlangoni pa chumba cha kompyuta, mkono kiunoni, koti jeupe wazi juu ya blauzi ya njano. Fundi wa kompyuta, mpenzi wake tangu siku walipokanyagana kwenye lifti iliyojaa watu, alikuwa amemwandikisha kozi ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, bila kumuuliza.

"Ndiyo ninayoijua, mpenzi. Ukikwama nitakusaidia. Hiyo Python yako siijui hata kidogo."

"Mimi sitengenezi tovuti. Nasoma majibu ya damu. Nimejaribu zote mbili, na Python ndiyo inayonikaa kichwani."

Fundi akasema anayeanza hachagui. Hapo ndipo alipoharibu. Bibie aligeuka akaondoka, na kwa wiki mbili hakupokea simu yake. Mama wa Bibie aliposimuliwa hakumumunya maneno: anayekuchagulia lugha leo, kesho atakuchagulia viatu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Daktari mkuu alitaka kiongozi wa kitengo cha kumbukumbu, na alisema atakayepata njia ya kuacha kunakili majibu kwa mkono kufikia Ijumaa ndiye atakayepewa. Bibie alikuwa ameyanakili miaka mitatu, mamia kila asubuhi, mpaka shingo ikakakamaa.

Alijifunza alfajiri kabla ya kazi. Programu yake ya kwanza iligoma kwa sababu ya nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari. Ya kumi ilikubali, lakini ikavuruga tarehe. Hilo halikuhitaji mwalimu. Mashine kongwe ya kupimia damu huandika tarehe kwa kuanza na mwezi badala ya siku, na aliyejua hivyo ni yeye aliyeyanakili majibu yake miaka yote. Mistari miwili ikatosha.

Ijumaa akabonyeza kitufe mbele ya wote. Majibu mia nne na kumi na mawili yakajipanga kabla daktari hajavaa miwani. Daktari akachomoa kumi, akayalinganisha na karatasi, akakosa kosa.

"Kitengo ni chako, mama."

Makofi yalikuwa hayajatulia alipompigia Fundi.

"Nimeshinda."

"Najua. Nilichungulia mlangoni." Akakohoa. Tangu wagombane alikuwa akijifunza Python kwa siri, na siku ya tatu sasa alikuwa amekwama somo la nne. "Niliogopa hutanihitaji tena. Nisamehe."

"Kwani nilikupendea JavaScript?"

Fundi akacheka, pumzi zikamrudi. "Basi nifundishe."

"Sifundishi mtu asiye wangu."

"Mimi ni wa nani, kama si wako?"

"Hilo tukaliandikishe. Msajili wa ndoa hufunga saa kumi. Chana nywele."

Bibie alivua koti, akalitupia kitini, akashuka ngazi mbilimbili. Saa tisa na robo walikuwa dirishani kwa msajili, bega kwa bega, fomu moja ya taarifa ya ndoa mbele yao. Bibie ndiye aliyeshika kalamu kwanza, akatia sahihi, akamsogezea mwenzake.