Nyamazeni, Nimsikie Kai

Kila alasiri, nyumbani kwao Utange, Nyamvula alichambua mchele kwa vidole huku mdogo wake, Kai, akigonga kifuniko cha sufuria. Nyamvula alipofuka akiwa mchanga, kwa hiyo alimchunga Kai kwa masikio. Siku moja kifuniko kilinyamaza. Alimwita Kai. Hakuitika.

Muda si muda, majirani walijaa uani na madebe. Mtoto akipotea, wao hupiga madebe na kuita jina lake, ili pepo aliyemchukua amwachilie. "Kai wee! Kai njoo!" Mama yao, Eddah, aligaagaa mchangani. Jua lilikuwa linazama, na vichakani mlikuwa na visima vilivyoachwa wazi.

"Nyamazeni, nimsikie!" Nyamvula alilia.

"Wenye macho hatujamwona, sembuse wewe!" alikaripia Musyoka, fundi wa mawe. "Kaa kando, mtoto."

Madebe yakazidi. Nyamvula akapapasa, akamshika mama yake miguu. "Mama, nakusihi. Hata kama Kai analia, nani atamsikia?"

Eddah aliinuka, akampokonya Musyoka debe, akalitupa. "Kimya nyote!"

Kilio chembamba kikasikika. Watu wakakimbilia ukuta wa jirani.

"Hayuko huko! Sauti inagonga ukuta na kurudi," Nyamvula alipiga kelele. "Yuko nyuma yetu, chini, shimoni!"

Alitangulia akigusa ardhi kwa fimbo yake, mpaka fimbo ikakosa ardhi. Palikuwa na kisima kikavu, kimefunikwa na majani. Musyoka alishuka kwa kamba, akapanda na Kai. Mguu wa mtoto ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa hai.

Zahanatini, jirani mmoja alinong'ona, "Msichana huyu ana majini."

"Majini gani?" aliuliza muuguzi Dorcas, aliyekuwa amesimuliwa yote. "Mtu asiyeona tangu utotoni, sehemu ya ubongo ya kuonea hailali bure. Hujifunza kusaidia masikio. Naye ameyazoeza kila siku. Lakini yangemfaa nini, nanyi mnapiga madebe? Mwenye uwezo apewe nafasi, hata akiwa mtoto, hata akiwa haoni."

Musyoka alisogea karibu na kitanda cha Kai, alipoketi Nyamvula. "Nisamehe, mwanangu. Mimi..."

"Taratibu, mzee," Nyamvula alimwambia. "Namsikiliza Kai anavyopumua."

Musyoka akanyamaza.