Mwaka wa Mildred Hospitalini

Kila asubuhi Christine alipanga mafungu ya omena, dagaa wa ziwani, mezani pake, Kisumu Ndogo, Kibera. Mwaka huo wa 1996 wateja walimwita Mama Daktari. Binti yake Mildred alikuwa amehitimu chuo kikuu. Alisomea famasia, kazi ya dawa.

Aliyejigamba kupita wote ni Phanuel, kaka yake Christine. Alikodi kibanda katika mtaa wa Kongo, Kawangware. Akakipaka rangi nyeupe na kuandika mlangoni jina la mpwa wake. Akamwambia afungue duka la dawa Jumatatu.

Mildred alikataa. Alieleza kwamba mhitimu mpya bado hajasajiliwa. Kwanza hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini, chini ya mfamasia mwenye uzoefu. Ndipo bodi humsajili. Akifungua duka kabla ya hapo, anavunja sheria.

"Umesoma miaka yote hiyo, na bado unataka kushikwa mkono?" Phanuel alimcheka. "Kuna watu hapa mtaani wanauza dawa, na hata kemia hawajui."

"Hao ndio wanaoniogopesha, Mjomba."

Phanuel alinuna. Hakumsemesha kwa miezi miwili. Mildred alianza mafunzo, akisimamiwa na Bi Mabrouka, mfamasia wa Kibera aliyekuwa ametoa dawa hospitalini kwa miaka kumi na tisa.

Kisha Phanuel akafika hospitalini, amembeba mwanawe Tonny wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa na kikohozi kibaya. Daktari aliandika dawa ya maji. Mildred akaandika kwenye chupa: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Phanuel alipotaka kuipokea, Bi Mabrouka aliishika kwanza.

"Baba Tonny, nyumbani mna kijiko gani?"

"Tuna kimoja tu. Kile kikubwa cha kupakulia mchuzi."

Mildred aliyasoma tena maandishi yake kwenye chupa. Alikuwa amemaanisha kijiko kidogo cha chai. Kwa kijiko cha mchuzi, Tonny angemeza dawa nyingi kupita kiasi, kila mara.

Bi Mabrouka hakumkaripia. Alimwambia kwamba chuoni alijifunza dawa, na hapa anajifunza watu. Alitoa kikombe kidogo cha kupimia. Mildred akamwonyesha mjomba wake mstari wa kufikia. Phanuel akajaribu kwa maji. Mara ya kwanza alipitisha. Mara ya pili akapatia.

"Kule Kongo nani angekuzuia usinipe chupa ile?" Phanuel aliuliza polepole.

"Hakuna."

Phanuel aliifunika chupa. "Basi mwaka huu usiukimbize, nyathina, mwanangu."

Tonny alipona. Mwaka ulipokwisha, Mildred alisajiliwa, akafungua duka lake Kawangware kihalali. Jumamosi foleni hufika barabarani. Wateja wakianza kunung'unika kwamba anauliza maswali mengi, Phanuel husimama mlangoni, kifua mbele.

"Ngojeni muulizwe," huwaambia. "Alikaa hospitalini mwaka mzima kujifunza hayo maswali."