Swali la Tatu la Mwalimu Asrat

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa Hamle, saa mbili asubuhi, Tewabech alisukuma mlango wa kaka yake akiwa na mkate mkononi. Alimkuta Mwalimu Asrat amelala chali, midomo imekauka, mwili umeshapoa. Nje, mvua ilikuwa ikinyesha mjini Dessie kwa siku ya sita mfululizo.

Inspekta Zenebech alifika saa tatu kasorobo. Hakuona damu wala kitasa kilichovunjwa. Aliona majagi mawili ya maji kando ya kitanda, yote matupu, na chungu chenye mchanga mbichi, mahali ambapo mwalimu alihifadhia insulini yake. Vichupa vilikuwa vitatu, kimoja kimetumika nusu. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa na mabonge madogo meupe, na kioo kimeshikwa na kitu kama ukungu. Alikiviringisha viganjani. Mabonge hayakuyeyuka. Akaandika hilo kwenye daftari.

Juu ya meza palikuwa na kipeperushi. Kilisema insulini ndiyo inayoua figo za wagonjwa wa kisukari. Mgonjwa aache sindano mara moja, anywe maji ya mbegu za uwatu kila asubuhi, na vichupa vilivyobaki avirudishe kliniki alikovichukua viteketezwe. Chini palikuwa na jina la Daktari Leul Abate, muhuri, na anwani ya tovuti.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika maswali matatu. *Nani kasema?* Alama ya vema. *Kasema lini?* Vema. *Anapata nini?* Hapo palikuwa patupu.

"Aliacha sindano lini?" Zenebech alimuuliza dada wa marehemu.

"Alhamisi. Nilijua kwa jirani. Sisi wawili tulikuwa tumenuniana."

"Kisa?"

"Nilimtaka aende kwenye maji ya baraka. Akanicheka. 'Tewabech, nani kasema?' Kila kitu nani kasema! Ukimwambia mvua inanyesha, anakwenda kwanza dirishani."

"Ulimwambia aache dawa?"

"Mungu anisamehe, hapana! Nilimwambia achome sindano, halafu anywe maji ya baraka. Padri wetu mwenyewe anachoma." Alijifuta macho kwa pindo la shuka alilojitanda. "Mtu mbishi vile, karatasi imemwezaje?"

Swali hilo Zenebech aliondoka nalo. Saa sita alikuwa sokoni, mbele ya magunia ya Mzee Seid, muuza dawa za mitishamba ambaye mji mzima hununua uwatu kwake.

"Biashara ya uwatu inakwendaje, baba?"

"Kama umekuja kwa ile karatasi, nimeiona," alisema Seid bila kuinua kichwa. "Juzi mama mmoja kanijia nayo. Nikamwambia, uwatu nunua wa kupikia, na sindano usiache. Mke wangu anachoma mwaka wa tisa huu. Ningekuwa na dawa kwenye gunia, ningemwacha ajitoboe tumbo kila siku?"

"Lakini anayefaidika ni wewe."

"Mwanangu, anayetangaza bidhaa husema inapatikana wapi. Isome tena. Imetaja duka? Imetaja bei? Imenitaja mimi?"

Haikutaja. Zenebech alikunja karatasi polepole. Kilichomtia baridi ni kwamba haikuwa moja. Kulikuwa na nyingine zikitembea mjini.

Saa tisa, Daktari Nigist, aliyeuchunguza mwili hospitalini, alikiangalia kile kichupa na kukunja uso.

"Hii iligandishwa na barafu, halafu ikayeyushwa. Ukungu huu ndio dalili yake. Ikishaganda haiaminiki tena. Na tazama daftari la vipimo la marehemu. Vichupa hivi alivichukua tarehe ishirini Sene, mwezi uliopita. Siku nne baadaye sukari inaanza kupanda, na sindano hakukosa hata moja. Mwishoni akaacha kabisa, damu ikageuka sumu."

"Na Daktari Leul Abate?"

"Hayumo kwenye orodha ya madaktari. Nimempigia pia katibu wa chama chetu. Hamjui."

"Mwalimu alimwekea alama ya vema."

"Kwa sababu alimkuta kwenye tovuti." Nigist aligeuza kompyuta. "Ilifunguliwa tarehe thelathini Sene. Ina makala moja tu, yenye picha na tarehe. Ushahidi wake ni kipeperushi. Na ushahidi wa kipeperushi ni tovuti."

"Mashahidi wawili, mdomo mmoja," alisema Zenebech.

Alirudi kwenye swali lililobaki tupu. Anapata nini? Uwatu haukuuzwa. Kitu pekee ambacho karatasi ilimdai mgonjwa ni kurudisha vichupa.

Saa kumi na nusu aliingia kliniki ya Selam Ber, mwalimu alikokuwa akichukulia dawa. Fikirte, mtoa dawa, alikuwa peke yake dirishani.

"Friji yenu iligandisha dawa lini, Fikirte?"

"Nani kasema?" alijibu haraka.

Mkono ukamwenda mdomoni. Zenebech aliyajua maneno hayo.

"Alikufundisha miaka mingapi?"

"Minne," alisema Fikirte.

Zenebech aliweka kichupa mbele yake. Fikirte hakukigusa.

"Nilikuwa na haraka ya harusi ya dada yangu, kule Kombolcha. Nilizidisha baridi ya friji nikafunga. Siku ya tatu narudi, vyote barafu. Ningesema, ningefukuzwa. Nikaviyeyusha, nikagawa."

"Halafu mwalimu akaja na daftari lake."

"Akaniambia, 'Fikirte, mwanangu, dawa hii ina nini? Nitaipeleka hospitali ipimwe.' Nilijua atauliza nini juu ya karatasi yoyote. Kwa hiyo nilimwandalia majibu kabla hajauliza. Jina, tarehe, tovuti."

"Na swali la tatu?"

"Nilisali asifike hapo."

"Ulijua mtu wa sindano haishi bila sindano!"

"Nilitaka vichupa virudi tu! Shehena mpya inafika wiki ijayo, ningekwenda kwake nimwambie ile karatasi ni ya uongo, aanze tena..." Alifunika uso. "Nilijua. Nilijidanganya, lakini nilijua."

"Dawa hiyo na karatasi umewapa wangapi?"

"Kumi na mmoja, pamoja na yeye."

"Andika majina. Na nyumba zao."

Zenebech alimpitia Daktari Nigist hospitalini, wakaondoka kwa gari hapohapo, sanduku la insulini ya hospitali magotini. Mlango kwa mlango, katika matope. Wawili walikuwa hawajaiamini karatasi. Mmoja aliitumia kuwashia mkaa. Sita walikuwa wameacha sindano, na wanne kati yao waliweza bado kusimama na kufungua mlango wenyewe. Wawili waliobaki walibebwa hadi hospitali.

Jina la mwisho liliwapeleka juu kabisa ya mtaa, saa mbili usiku. Vijana walikuwa wakivuta kamba za hema la msiba mbele ya nyumba. Wanawake mlangoni walikuwa wamejifunga shuka zao nyeupe, mapindo ya rangi yamegeuzwa juu usoni.

Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, akawapa nafasi.

"Karibuni, wanangu. Mlikuwa mnamfahamu?"

Nigist aliteremsha sanduku chini. Zenebech alitazama jina kwenye karatasi iliyolowa. Mtu huyo hakuwahi kumwona maishani.

"Tumechelewa, baba," alisema, akakaa pamoja nao.