Uzi Kwenye Kidole cha Kidoti

Cherehani ya Mama Kidoti ilikuwa inalia tangu asubuhi. Sare za shule zilikuwa zinasubiriwa. Binti yake Kidoti alikuwa akishona vifungo. Mara sindano ikateleza, ikamchoma kidole.

"Kidonda kidogo tu hicho, mwanangu. Endelea," mama alisema.

Kesho yake kidole kilikuwa kimevimba, kinawaka moto. Mama akaiacha cherehani. Akafanya kama alivyofundishwa na fundi aliyemfunza kazi: akakata uzi mweusi, akaukaza kwenye shina la kidole.

"Sumu isipande mkononi," alisema.

Saa moja baadaye kidole kikawa cha bluu. Hapo jirani yao, muuguzi, akaingia kuchukua gauni lake.

"Jamani, Mama Kidoti! Leta mkasi haraka!"

"Sumu itapanda, dada!"

"Umewafungia njia askari wake." Muuguzi akaukata uzi.

"Askari gani tena?"

"Chembe nyeupe za damu. Vijidudu vikiingia, pale penye jeraha panatoka kama harufu. Chembe zinaifuata. Zinasafiri na damu, kisha zinajipenyeza kwenye nyama."

"Kwani zina pua?"

"Hazina pua wala macho. Ila upande unaopata harufu kali ndio unakuwa mbele, mwingine unabaki mkia. Sindano yako ingekuwa na ncha kila upande, ungeshona nini?"

"Angejishona mwenyewe!" Kidoti akacheka, machozi bado mashavuni.

"Umeona? Chembe nayo mbele yake ni moja. Hata ikibanwa, haisahau inakokwenda. Lakini damu isipofika, yenyewe itafikaje?"

Mama akaketi chini. "Nimemuumiza mwanangu kwa mkono wangu."

"Hukujua. Inuka, twende zahanati."

Kule walisafisha kidole, wakatoa dawa, wakamchoma sindano ya pepopunda.

"Mngeuacha uzi ule mpaka kesho," tabibu alisema, "huenda kidole kingekatwa."

 Mama aliushika mkono wa Kidoti njia nzima ya kurudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye Kidoti alikuwa anashona vifungo tena. Siku hiyo fundi mwenzao akajichoma kidole, akanyoosha mkono kuchukua uzi akifunge. Mama Kidoti akamwahi.

"Maji na sabuni kwanza. Kikivimba, zahanati siku hiyohiyo. Uzi ni wa nguo, mwenzangu."