Theluji ya Uongo Bustanini Osaka

Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, Jumamosi ya tarehe ishirini Aprili, ndege dume wa aina ya kibitaki aliimba katika bustani ya Kasri ya Osaka. Wakana, mfamasia apendaye kutazama ndege, alikuwa akiandika saa hiyo daftarini simu ilipotetemeka. Alikuwa Tetsuro, mpenzi wake, aliyemuaga tarehe mosi kuhamia kikazi Sapporo, kaskazini ya mbali.

"Kukoje huko?"

"Baridi, Waka. Theluji bado imejaa kando ya barabara."

"Nyuma yako analia ndege gani?"

"Ndege? Shomoro tu."

Hakuwa shomoro. Kibitaki, mwenye koo la rangi ya kiini cha yai, hafiki Sapporo kabla ya Mei. Tena Wakana alimsikia mara mbili: kwanza kwa sikio lililo wazi, kisha, nusu sekunde baadaye, ndani ya simu.

"Mbona umekauka, umeona mzimu?" alinong'ona Bi Sumie, mkongwe wa watazama ndege wa pale.

"Nimesikia mwongo, bibi."

Alizunguka kichaka. Tetsuro alikuwa hatua ishirini mbele, simu sikioni.

"Usitikisike!"

"Waka, nisikilize kwanza..."

"Sisemi kwa ajili yako. Ndege yuko juu ya kichwa chako."

Hawakutikisika hadi kibitaki aliporuka.

"Siku ishirini unanisimulia theluji! Una nani mwingine?"

"Sina. Nilikataa cheo cha Sapporo, kampuni ikaniteremsha ghalani hapahapa Osaka. Njia ya kazini hupita bustani hii."

"Ukanificha kwa nini?"

"Nilikuposa, ukasema utafikiri. Ungejua nimeacha cheo nibaki nawe, ungenikubali kwa huruma."

"Huruma? Mimi?"

"Mwanangu," Bi Sumie alidakia, "huyu huruma hana hata ya kuazima."

Wakana hakucheka.

"Nimeshakata tiketi ya Jumatano, nije Sapporo kukwambia ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nilikuwa namkubali nani. Nipe siku ishirini, kama ulizozichukua. Kila siku niandikie jambo moja la kweli ninaloweza kulihakikisha."

Ujumbe wa kwanza: "Leo nimepakia makasha 212. Muulize msimamizi."

Wa tisa: "Nimemweleza mama yako yote. Amenirushia kandambili."

Wakana alimpigia mama yake. Ni kweli. Ya kushoto.

Wa ishirini: "Bado nakutaka. Hili sijui utalihakikishaje."

Alijibu baada ya dakika nne: "Njoo na kitambulisho Jumatatu."

Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Mei, saa tatu na dakika kumi asubuhi, karani wa ofisi ya kata alipokea fomu yao ya ndoa, akaigonga muhuri.